Baba Hayumo Pichani

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na wakishasema hivyo hucheka kana kwamba jambo lenyewe ni dogo. Mzee Tabasamu naye alilicheka miaka arobaini. Barua ya ubalozi ilipofika, kicheko kikamkauka mdomoni.

Jina la Tabasamu alipewa na wateja wa studio yake. Mwenyewe hakuwa na tabasamu hata la dawa. Alikuwa mrefu, mkavu, amekunja uso kutwa kama mtu anayesoma maandishi madogo. Lakini akishika kamera alipaaza sauti, "Tabasamu!" na watu wakatabasamu, wengine kwa furaha, wengi kwa woga.

Yeye na mkewe walikuwa wameomba viza ya kwenda kuishi na binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa ng'ambo mwaka wa kumi na mbili sasa. Binti alikuwa na mimba ya miezi sita, akiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya mimba mbili kuharibika. "Njooni wote wawili," aliwaambia kwenye simu. "Sitaki mwanangu akue hamjui babu yake." Ubalozi ukajibu kwamba cheti cha kuzaliwa cha binti kilitolewa akiwa na miaka kumi na tisa, kwa hiyo hakitoshi. Kila mzazi alete picha zinazomwonyesha yeye pamoja na mtoto, tangu utotoni hadi utu uzima.

Kwa kweli cheti kilichelewa kwa sababu binti alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga jirani, na hakuna aliyekikumbuka mpaka kilipotakiwa chuoni. Mama alikuwa na pa kushika: kadi ya kliniki yenye jina lake. Jina la baba halikuandikwa popote kabla ya cheti hicho.

Basi wakalishusha sanduku la picha. Hazikuwa haba, binti yule alipigwa picha kuliko mtoto wa rais. Binti anatambaa, mama yuko nyuma yake. Binti amepoteza jino, mama anacheka. Binti na joho la chuo, mama analia, shemeji wa mzee kanyoosha shingo aonekane. Walizipanga kitandani, kisha sakafuni, zikafika zaidi ya mia mbili. Baba hayumo hata katika moja.

"Nilikwambia," mkewe alisema. "Kila siku nilikwambia, mpe mtu kamera na wewe uingie."

"Nimpe nani? Hao wakata watu vichwa pichani?"

"Siku ya joho shemeji yako alikuomba."

"Shemeji? Mtu akimimina soda anamwaga mezani, nimpe kamera yangu?"

Ndivyo alivyokuwa. Kamera yake haikushikwa na mgeni, na mgeni ni kila mtu. Binti alipopiga simu akawapa njia nyepesi inayokubaliwa na ubalozi: kipimo cha vinasaba. "Ni mate tu, baba, unatema kwenye kichupa, dakika moja imekwisha." Hapo mzee akang'aka. Nipimwe? Miaka thelathini na tisa nakuita mwanangu, leo niteme mate ili mgeni aniambie kama wewe ni wangu? Sipimwi! Mkewe akasonya. Binti akaliacha jambo hilo, maana alimjua baba yake: akishaamua, ameamua.

Lakini usiku hakulala vizuri, na asubuhi aliona maji yamezidi unga. Ndipo akakumbuka kazi moja ya zamani. Zamani wafiwa walimletea picha ya marehemu na picha ya watoto waliobaki, wakamwomba awaunganishe. Alikata kwa wembe, akagandisha, akapaka rangi viungo kwa brashi nyembamba, kisha akapiga picha upya. Hakuna aliyeuita uongo. Walilia, wakashukuru, wakatundika ukutani.

Basi mkewe alipokwenda kupima presha, mzee alifungua droo akatoa wembe. Alichagua picha ya binti akiwa na miaka saba, siku ya kwanza ya shule, amesimama peke yake mbele ya studio, upande wake wa kulia uko wazi. Uso alibandua kwenye kitambulisho chake cha enzi zile. Tatizo likawa mwili. Alipekua makasha ya wateja wasiorudi kuchukua picha zao, akampata mwalimu mmoja mrefu kama yeye, aliyekuwa ameweka mkono begani kwa mwanawe. Mzee Tabasamu akamkata mwalimu wa watu shingo bila hata kumwomba radhi, na mkono ule akauhamishia begani kwa binti.

Ilimchukua siku tatu. Vivuli akavilaza upande mmoja, viungo akavipaka hadi vikapotea, picha mpya akaianika dirishani ili jua liizeeshe. Alipoiinua kuitazama, akaisogeza karibu zaidi na macho. Hakuwahi kujiona akiwa na mwanawe. Hakujua kama walifanana hivyo.

Akamwonyesha mkewe, akisubiri sifa. Mama yule aliitazama muda mrefu.

"Uso wako," alisema. "Bega la mwanangu. Mkono wa nani?"

"Wangu."

"Mzee, mkono wako nimeushika miaka arobaini na moja. Kucha zako zilikuwa za kahawia kwa dawa za picha tangu siku ya kunichumbia, mpaka mama yangu akadhani unavuta sigara. Huu mkono una kucha safi, umeshika chaki tu maisha yake yote." Akamrudishia. "Itoe kwenye zile za ubalozi. Mimi siendi kwa mwanangu na kitu cha kuficha."

"Nimeitoa," mzee alisema siku ya usaili, walipokuwa wanafunga bahasha. Hakuwa ameitoa.

Afisa aliyewahoji alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao, amekaa nyuma ya kioo kinene chenye upenyo chini wa kupitishia karatasi. Alizipitia picha za mama upesi, akatazama kadi ya kliniki, akagonga mhuri. "Mama, wewe huna tatizo," alisema. "Sasa mzee wangu. Uko wapi humu?"

"Mimi ndiye niliyezipiga, mwanangu. Zote."

"Naelewa. Lakini picha haimwonyeshi aliyeipiga."

"Itazame hiyo ya jino. Anamcheka nani?"

Afisa aliitazama kweli, tena si kwa haraka. "Sheria haina mahali pa kuandika anamcheka nani," alisema kwa upole. Akaendelea kufunua, na chini kabisa ya bahasha akakutana na ile. Uso ukamfunguka. "Aa, kumbe ipo! Mbona hukusema? Ni moja tu, lakini pamoja na cheti inatosha." Akachukua kalamu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ilikuwa na lami. Mzee hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Alimtupia mkewe jicho. Mkewe alikuwa ameiona picha, na hakumtazama. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya mtandio wake, na mzee akajua kwamba hatasema neno. Angembebea uongo ule hadi kwa binti yao, yeye aliyesema hataki cha kuficha.

"Siku hiyo ilikuwaje?" afisa aliuliza huku akiandika, kama mtu anayepiga soga tu. "Mtoto anaonekana katoka kulia."

Alikuwa katoka kulia, ndiyo. Mzee Tabasamu aliikumbuka siku ile nzima nzima. Mtoto hakutaka kwenda shule. Alimnyooshea baba yake mikono yote miwili abebwe, naye baba yake alikuwa nyuma ya kamera, akiharakisha kwa sababu mwanga mzuri wa asubuhi ulikuwa unapita.

"Alitaka nimshike," alisema. "Nikamwambia asimame wima atabasamu."

"Lakini hapa umemshika."

"Sikumshika, mwanangu. Mkono huo si wangu, ni wa mwalimu mmoja, mteja. Picha hiyo nimeitengeneza mwenyewe mwezi huu."

Kalamu ya afisa ikasimama. Mke wa mzee akaacha kukunja mtandio, akamshika mumewe mkono.

"Mzee wangu," afisa alisema, "mbona umeniambia? Nilikuwa nimeshamaliza."

"Nimeshindwa kumwekea mwanangu mkono usiokuwapo siku ile. Alilia mpaka kwenye geti la shule."

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamweleza, na sauti yake haikuwa ya furaha. Kielelezo cha kughushi, hata mwombaji akikiri mwenyewe, ni lazima kiandikwe. Ombi la mama litaendelea. La baba limekataliwa, na haruhusiwi kuomba tena kabla ya miaka kumi. "Ungepima vinasaba tu, ingetosha," aliongeza, halafu akaonekana kujuta kulisema.

Mzee alikuwa na miaka sabini na moja. Hesabu hiyo haikuhitaji kidole. Baba yake mwenyewe hakufika themanini.

"Basi na mimi siendi," mkewe alisema.

"Utakwenda," alimjibu. "Mtoto asiye na babu, na bibi pia umnyime? Utakwenda, tena usirudi mbio. Ukae naye." Alisema kwa ukali wake uleule, lakini machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

Afisa alianza kuzirudisha picha kupitia upenyo, fungu kwa fungu, na mama akizipokea na kuzipanga kwenye bahasha. Zilirudi zote mia mbili na zaidi, isipokuwa moja.

"Na ile?" mzee aliuliza.

"Ile hairudi. Ni kielelezo, inabaki kwenye faili lako."

"Najua ni ya uongo. Lakini sina nyingine niliyopo na mwanangu."

"Naelewa, mzee wangu. Hairudi."

"Basi nionyeshe kidogo tu, kabla hujafunga."

Afisa alitazama nyuma yake, walikokaa wenzake. Kisha akalifungua faili, akaitoa picha na kuibandika kwenye kioo kwa vidole viwili, uso ukielekea nje. Mzee Tabasamu akasogea. Aliweka kiganja chake juu ya kioo, pale penye bega la mtoto, kikaufunika mkono wa mwalimu wote. Afisa hakuivuta picha mpaka mzee mwenyewe alipoondoa mkono.