Inzi wa Wegesa

Siku ile mjinga alikuwa Enoka, wala hahitaji wakili wa kumtetea. Mwenyewe hukubali kabla hujamaliza kuuliza, tena kwa kicheko, kile cha mtu ambaye dunia imekwisha kumpiga mashavu yote mawili.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya kilichobandikwa porini kati ya Mugango na Butiama. Mwaka uliotangulia, wakati wa Operesheni ya kuwakusanya watu vijijini, yeye na watu wake walihamia huko milango yao ikiwa vichwani. Mvua ikakataa. Wakala mahindi ya njano ya msaada mpaka watoto wakasahau ugali ulikuwa na rangi gani. Sasa, Machi 1975, nyumba zote kumi zilikuwa na tumaini moja: ekari sita za pamba ya pamoja, imesimama hadi kifuani mwa mtu. Ikizaa, watakula na kijiji kitakaa. Isipozaa, kila mtu atashika njia yake.

Ndipo inzi walipoingia shambani. Wana manyoya mgongoni kama brashi ya viatu, wanatembea juu ya majani, wanagusagusa vitumba vya pamba. Na ndani ya vitumba kulikuwa na funza wachache. Enoka akamtoa funza mmoja, mkubwa lakini mlegevu, akampasua kwa mwiba mbele ya watu. Tumboni mlikuwa na mabuu meupe matatu.

"Mmeona?" akasema. "Mama yao si huyo hapo juu anajipangusa miguu?"

Watu wale hawakuhitaji ushahidi mwingine. Walikuwa watu wa ng'ombe. Mbung'o walimaliza mazizi ya baba zao. Mtu wa ng'ombe hana inzi anayemwita rafiki.

Wegesa, mke wa Enoka, ndiye peke yake aliyetikisa kichwa. Usichanani aliishi kwa mjomba wake Usukumani, akifanya kibarua kwenye kituo cha utafiti wa pamba.

"Baba Hana, hao wasiguswe," alisema. "Mimi nilikuwaga nafuga funza kwenye chupa za mtaalamu. Mmoja anatoka nondo, mwingine anatoka inzi. Inzi anamtagia funza mayai, mabuu yanamla kutoka ndani. Huyo uliyempasua alikuwa maiti inayotembea. Na hawa si inzi wa aina moja, ni ukoo mzima. Mwenye paji la dhahabu ana funza wake, mwenye mistari ya kijivu ana wake, yule mdogo mweusi naye ana wake. Mtaalamu alihesabu aina kumi na moja, akafika kwa wawili wanaofanana kama mapacha, akakwama."

Enoka akawageukia watu. "Jamani, mke wangu anataka tuwachinjie inzi mbuzi! Ukoo wao mkubwa kuliko wetu. Wakija kuposa nani atawalisha?"

Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

Kesho yake, mabomba yalipojazwa dawa, Wegesa akaja tena. "Basi mtuachie hata mistari mitano, ile ya upande wa mto."

"Mistari mitano ya kuwafichia mashemeji zangu!" Enoka akasema, akamgeukia jirani mwenye bomba. "Werema, mpishe dada wa inzi, usimloweshe."

Kicheko kikapita shambani pamoja na dawa. Kufikia mchana inzi walikuwa chini kama pumba. Enoka aliwazoa kwa kiganja akawaonyesha watu: wa dhahabu, wa mistari, mweusi. Wote walikuwamo.

Kabla ya kunyunyizia mara ya pili, Wegesa alileta chupa ya dawa ya kikohozi, imefungwa kitambaa mdomoni. Ndani, kando ya ngozi tupu ya funza, inzi mchanga alikuwa anakunjua mabawa.

"Angalia mwenyewe," alisema. "Simamisha hayo mabomba."

"Mama Hana kajifungua!" Enoka akapaza sauti. "Tumpe jina gani?"

Hata Mwikwabe, ambaye mkewe alikuwa hainuki kwa njaa, alicheka siku ile, na Enoka akajiona amefanya jambo jema. Mabomba yakabebwa.

Wiki tatu baadaye funza walikuja wenyewe, bila wa kuwazuia. Kila kitumba kilikuwa na tundu. Ukikiminya kinatoa uji mweusi. Walinyunyizia tena, na tena, lakini funza walikuwa wamejifungia ndani wanakula. Enoka alipita mstari kwa mstari siku tatu, ameinama kama mtu aliyedondosha sindano, akitafuta inzi hata mmoja. Hakumpata.

Mwikwabe alikuwa wa kwanza kuondoka. Walimbeba mkewe kwa machela hadi Kitaji, mjini Musoma, kwa shemeji mwenye chumba kimoja. Mwezi wa tano ulipokwisha, nyumba sita zilikuwa hazitoi moshi.

Bwana shamba Bernado alipofika na baiskeli yake, aliwakuta waliobaki wakigombana ukingoni mwa shamba.

"Dawa mlipiga mapema mno," alisema, "tena bila kuniuliza."

"Kopo liliandikwa ua wadudu," Werema akamjibu. "Halikuandikwa waulize kwanza ni wa nani. Na balozi ndiye aliyeamuru."

Enoka alitafuta mzaha, hakuupata. "Haya, mimi mjinga, nimekubali. Lakini mjinga peke yangu? Mabomba si mlibeba ninyi? Na wewe, Mama Hana, wewe ulikuwa unajua! Mtu anajuaje halafu anaacha nyumba kumi ziangamie? Ungepiga yowe! Ungelala mbele ya mabomba! Mbona hukunizuia?"

Wegesa alikuwa anachuma mlenda kando ya njia, chakula chao cha siku hiyo. Hakuinua kichwa.

"Nilikuzuia mara tatu, Baba Hana. Mara zote tatu ukawachekesha watu."