Gari la Siti Nane

Esta alikuwa ameshaamua kabla hata hajashuka kwenye pikapu ya mumewe. Magari yaliegeshwa mawili mbele ya duka la Luhende pale Bunda, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye lile jekundu. Lilikuwa dogo, limeinama chini kama mkimbiaji anayesubiri filimbi, rimu zinang'aa, na juu ya buti lina kibawa. Pembeni yake lilisimama Landkruza la kijivu, refu, pana, lenye siti nane na ngazi ya kupandia.

"Hilo jekundu," alisema.

Luhende, mfanyabiashara wa Kisukuma aliyeacha pamba akaanza kuleta magari yaliyotumika kutoka Dubai, alicheka kwa furaha. Mume wa Esta, Mniko, hakucheka.

"Mimi naona tuchukue kubwa," alisema.

Esta alidhani hakusikia vizuri. Tangu amjue, Mniko alikuwa mtu wa magari madogo yenye mbio. Sebuleni kwao Musoma ilining'inia kalenda ya zamani ambayo hakukubali itolewe, kwa sababu ya picha ya gari la mashindano.

"Kubwa la nini? Sisi na watoto wetu wawili tuko wanne."

"Familia inakuaga, Esta."

"Inakua wapi? Mimi mwaka huu natimiza arobaini na mbili. Au una mpango ambao mimi sijaambiwa?"

Luhende akacheka tena. Mniko akatoa leso, akajifuta shingo, ingawa jua lilikuwa bado halijachanganya.

Esta alikuwa na sababu zake za kuyachukia magari makubwa. Serikali ilikuwa imempeleka Lindi akiwa muuguzi kijana, Mniko akamfuata akapata kazi ya ufundi kwenye karakana, na huko ndiko miaka yote ya dhiki ilikowakuta. Walipanga foleni ya sabuni. Walikunywa chai ya chumvi. Dereva wa zahanati alipoacha kazi, Esta alijifunza mwenyewe kuendesha Landrova ya wagonjwa, akabeba humo wajawazito, magunia ya mahindi na majeneza, mpaka mgongo ukawa hauna raha na harufu ya dizeli haimtoki nguoni. Alijiapiza kwamba siku akipata gari lake mwenyewe litakuwa zuri na jepesi, na halitabeba mtu wala kitu kinacholia. Sasa ilikuwa mwaka tisini na tano. Mniko alikuwa amepunguzwa kazini, wakarudi kwao Mara, Esta akahamishiwa hospitali ya Musoma, wakafungua duka la nyavu na mashine za mitumbwi, na duka likawapokea vizuri. Hakuona kwa nini asilipate gari la ndoto yake.

"Nenda ukalijaribu, mama," Luhende alimwambia, akimpa funguo. "Mniko namfahamu, hamtanikimbia."

"Tutafika nalo Butiama," alisema Esta. "Mama yangu akalione."

"Butiama leo?" Mniko alidakia. "Mama hajui kama tunakuja."

"Tangu lini naomba ruhusa ya kwenda kwetu?"

Kwa kweli hakuwa amekanyaga Butiama tangu alipomzika baba yake, Nyamhanga, miaka kumi na miwili nyuma. Mwanzo ilikuwa umbali wa Lindi na ukosefu wa mafuta. Lakini sasa walikuwa na miezi mitano Musoma, na bado kila alipopanga safari Mniko alipita huko kwanza na biashara zake, akarudi na ujumbe: mama anasema usihangaike, atakuja yeye. Na alikuja mara moja. Alikaa siku mbili ndani ya chumba, akasema jua la mjini linamuumiza, akarudi kwake.

Barabarani gari lilikwenda kama limepakwa mafuta. Esta alishusha kioo, akaacha upepo umvuruge nywele. Alicheka peke yake. Mniko alikaa upande wa pili, ameshika kitasa cha mlango. Walipofika Kiabakari na kuiacha barabara kuu, changarawe zikaanza kupiga chini ya gari. Jiwe moja likagonga kwa kishindo.

"Esta, simama kidogo," alisema Mniko. "Kuna jambo nataka nikuambie."

"Najua, utasema liko chini sana. Utaniambia tukifika."

"Sio hilo."

"Mniko, niache nifurahi leo. Siku moja tu."

Akaachiwa.

Nyumba ya mama yake aliitambua, ila nyuma yake kulikuwa na nyumba nyingine ya matofali, iliyoezekwa kwa bati, na moshi unatoka jikoni. Hajazima hata injini, watoto watatu wakatoka mbio kutoka nyuma ya zizi. Hawakulitazama gari. Walikwenda moja kwa moja mlango wa Mniko.

"Anko Mniko kaja! Anko Mniko!"

Yule mdogo wao alishaingiza mkono kwenye mfuko wa shati la Mniko, kama mtoto anayejua kilichomo, akatoa pipi.

Esta aliwaangalia watoto, akamwangalia mumewe, akawaangalia watoto tena akitafuta pua, masikio, paji la uso.

"Hawa ni watoto wa nani?"

Kabla Mniko hajajibu, mwanamke akatoka jikoni, mtoto wa nne mgongoni. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini, mrefu, kanga imefungwa kifuani. Alipomwona Esta alisimama ghafla, kisha akapiga magoti nusu na kunyoosha mikono miwili.

"Karibu nyumbani, wifi."

"Wifi?" Esta aliuliza. "Mimi sina kaka. Mimi nimezaliwa peke yangu." Akamgeukia mumewe. "Mniko. Ni wako hawa?"

"Haki ya Mungu sio wangu."

"Basi mbona wanakujua mpaka mifuko?"

"Ni sauti ya Esta hiyo?" mtu aliuliza kutoka ndani.

Mama yake, Wankyo, alitoka kwenye nyumba ya zamani taratibu, kiganja kimoja kikipapasa ukuta. Alikuwa amepungua. Mwanamke kijana alimwahi, akamshika kiwiko, na mama akauegemea mkono ule bila kuutafuta, kama mtu anayeegemea kitu cha kila siku.

"Mama, huyu ni nani?"

"Huyu ni Bhoke," alisema Wankyo. "Ni mke wangu."

Esta aliyajua maneno yale. Mtoto gani wa Butiama asiyejua nyumba ntobhu? Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana wa kushika nafasi ya mkamwana, na watoto atakaowazaa msichana yule wakawa wa ukoo wa nyumba hiyo. Aliwahi kuona kwa majirani akiwa mdogo. Lakini kwa mama yake? Mama aliyembeba mgongoni kwenda kanisani kila Jumapili? Alikaa kwenye boneti, na bati la boneti likamchoma kwa moto wa injini, akasimama tena.

"Wewe ni Mkristo, mama."

"Mkristo ndiyo."

"Na hawa watoto, baba yao ni nani?"

"Baba yao ni Nyamhanga."

"Mama! Baba amekufa!"

"Najua amekufa, mimi ndiye niliyelala na maiti yake. Na watoto ni wake. Yule mkubwa ndiye anayeitwa Nyamhanga." Wankyo alimwelekezea uso, lakini macho yake yalipita pembeni ya bega lake. "Baba yako alipozikwa, ndugu zake walikuja kupima shamba kabla hata waombolezaji hawajaondoka. Walisema nyumba haina mwanamume, mjane arudi kwao. Wewe ulikuwa umesharudi Lindi. Nilikaa na hilo jambo peke yangu miaka mitatu. Halafu nikachukua ng'ombe waliotoka kwa Mniko, wale wa mahari yako, nikamwoa Bhoke. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja na kamba ya kupimia."

Ng'ombe wa mahari yangu, aliwaza Esta. Mimi ndiye niliyemwoa. Alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele.

"Na wewe ulijua," alimwambia Mniko.

"Nimejua tuliporudi Musoma. Nilipita kumsalimia mama nikawakuta. Aliniapisha nisikuambie, akasema atakuambia mwenyewe, wewe ni mtu wa kwaya, utamkataa." Mniko alikuwa bado amezungukwa na watoto, pipi zimekwisha. "Ndiyo maana nikasema gari kubwa. Nilijua ipo siku watapanda."

"Ulitaka ninunue gari kwanza, halafu ndiyo niambiwe ni la nani?"

Esta aliingia kwenye gari, akafunga mlango, akashika usukani. Ufunguo hakuuzungusha. Alikaa hivyo mpaka Bhoke alipokuja akachuchumaa kando ya kioo kilicho wazi.

"Wifi, hasira yako ni haki. Mimi nililetwa hapa nina miaka kumi na saba. Sikuulizwa. Nililiaga kila siku, mwaka mzima." Alizungumza polepole, akichagua maneno ya Kiswahili. "Lakini mama huyu hajanipiga hata kofi. Kwa hiyo nitakuambia kitu alichonikataza. Haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni kabisa. Tangu mwaka jana. Namshikaga mkono mpaka chooni. Akiamka ananiuliza kama kumekucha. Huyu mtoto wa mgongoni, mama hajawahi kumwona sura, anamjua kwa kumpapasa."

Esta alishuka bila kuufunga mlango. Alimshika mama yake kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye jua. Katikati ya kila jicho kulikuwa na duara jeupe, kama tone la maziwa. Miaka yote Lindi alikuwa amewasha tochi kwenye macho ya wageni. Mama yake alilala chumba cha pili nyumbani kwake siku mbili, amefunga pazia, na yeye muuguzi akaamini habari ya jua la mjini.

"Mama," alisema. "Huu ni mtoto wa jicho. Unatibika. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungekuja. Ungekuja, ungewaona."

Esta alifuta uso kwa kiganja. "Tunaondoka leo. Ingia kwenye gari."

"Siendi bila Bhoke. Nani atanishika?"

"Na mimi siwezi kuwaacha watoto," alisema Bhoke.

Basi wakaingia wote. Wankyo mbele, Bhoke nyuma na mtoto wa mgongoni, na watatu wengine wakabanwa mpaka wa mwisho akakaa kwenye mapaja ya kaka yake. Mniko alizunguka gari akitafuta mlango wa kuingilia.

"Wewe baki," alisema Esta. "Nafasi hakuna. Utapanda hata lori la pamba."

Hawakufika mbali. Gari lilikuwa limeketi chini kabisa, tumbo lake likaburuta changarawe, na kwenye kila mwinuko ikabidi Bhoke na watoto washuke, watembee nyuma yake kwenye vumbi, halafu wapande tena. Esta aliendesha akiwa ameng'ata mdomo. Wankyo alipapasa dashibodi kwa vidole, akauliza hili gari ni la rangi gani. Esta alimwambia. "Lazima ni zuri," alisema mama yake.

Kule Bunda, Luhende alitoka dukani akasimama mdomo wazi, akihesabu watu wanavyoshuka.

"Mniko yuko wapi?"

"Anakuja. Nipe funguo za lile kubwa."

"Jekundu limekushinda, mama?"

Esta aliwapandisha kwenye Landkruza mmoja mmoja, akamwinua mama yake kwenye ngazi, akawasha injini. Harufu ya dizeli ilimjia puani, ileile. Aliwapeleka Musoma jioni hiyo hiyo.

Mniko alifika kesho yake mchana na vumbi hadi kwenye kope. Alikuta wageni wamejaa sebuleni, mkewe amevaa sare ya kazi. Ilipita karibu mwezi Esta akimjibu kwa neno moja moja. Siku alipozungumza naye sawasawa, alimwambia hivi: kuhusu watoto angeweza kusamehe, lakini kiza cha mama yake, yeye Mniko alikipita mara ngapi pale uani bila kukiona? Mniko alisema hakuona, kweli, alidhani ni uzee. Esta alimwamini, na hilo halikumpunguzia kitu.

Kwaya aliirudia, ingawa watu walinong'ona, na wengine hawakunong'ona. Mchungaji alimwita ofisini. Esta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza watoto wabatizwe lini.

Daktari wa macho alipopita Musoma alimfanyia Wankyo upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Siku ya kufunguliwa bandeji Esta alisimama miguuni pa kitanda, Bhoke kichwani. Mama yake alipepesa, akatokwa machozi, akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake mwenyewe. Esta alisubiri atazamwe. Lakini Wankyo alimgeukia Bhoke kwanza, akamkazia jicho lile jipya kwa muda mrefu, kama anasoma.

"Umekonda hivi," alisema, "na hukuniambia."

Bhoke alianza kucheka, kicheko kikageuka, akafunika uso kwa kanga. Esta alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamvuta wifi yake mkono ili naye akae.