Uzito wa Laptop ya Chesang

Kihara alipangusa mizani yake kwa kitambaa kabla ya kupima laptop, kwa sababu asubuhi hiyo ilikuwa imepima mbavu za mbuzi, na mteja ni mteja. Bucha yake iko Kikopey, kando ya barabara kuu, chini ya paa moja na kibanda cha Oduor, fundi wa simu na kompyuta. Laptop yenyewe ilikuwa imetoka Ndabibi kwa mkokoteni wa punda hadi kwenye lami, kisha kwa pikapu. Wanaume wanne waliishusha. Ilikuwa nyembamba, ya plastiki ya kijivu, ya bei ya chini. Ilivunja ndoano ya kwanza.

"Weka kwa ile ya ng'ombe," Oduor akasema.

Mwenye laptop alikuwa msichana aliyeitwa Chesang. Alikuwa akisomea kazi ya maabara ya hospitali katika chuo kimoja cha binafsi mjini Nakuru, na mama yake, Jepchumba, aliuza mtamba ili aipate. Siku waliyoinunua Chesang aliibeba kwapani. Lakini ilikuja na system ya kampuni, ile ya kulipiwa, na kila update iliyoingia iliiongezea uzito. Kufikia Pasaka ilikuwa imevunja meza. Mvua zilipoanza ikavunja kitanda. Na ilivyokuwa goigoi! Unabonyeza herufi, unaenda kukama, unarudi, ndipo unaiona kwenye kioo. Majirani hawakushangaa. Walisema ni update hiyo, wakaja kusaidia kubeba.

Kilichomkosesha Jepchumba usingizi ni mtihani wa mwisho. Ungefanywa Ijumaa kwa mtandao, kila mwanafunzi na laptop yake. Asiyefanya anarudia mwaka mzima na kulipa karo upya, na zizini alibaki ng'ombe mmoja tu.

"Boss, tupunguzie hii kitu," akamwambia Oduor. "Mtoto wangu anaenda mtihani, haendi mieleka."

Oduor akamwaga flash kadhaa kwenye kaunta, katikati ya visu. Hizo zote ni Linux, akaeleza, system huru: hulipi mtu, na ukitaka kujua ndani imeundwa vipi unafungua unaangalia. Akaanza na Ubuntu. Jepchumba aliipenda kwa rangi zake.

"Bado ni mbuzi mzima," Kihara akasoma mizani.

Akajaribu Mint. Hiyo ilikuwa na uzito wa mguu wa mbuzi, na Chesang aliitaka kwa sababu vitu vyote vilikuwa mahali alipovizoea. Dereva wa lori aliyekuwa akingoja nyama yake akamuunga mkono, akasema hiyo ndiyo aliyomwekea mke wake. Oduor akakasirika, maana yeye ni mtu wa Lubuntu, ile nyepesi kuliko zote, na hana subira na watu wa Mint. Wakabishana mpaka nyama ya dereva ikaungua.

Mwishowe Oduor akaiweka Lubuntu. Mshale ukarudi kwenye sufuri, kisha laptop ikajiondoa kwenye ndoano, ikapanda taratibu, ikasimama hewani usawa wa sikio la Kihara. Kihara aliivuta chini akaifunga kwa uzi wa katani.

"Hii siwezi kukuuzia hata robo," akasema.

Chesang alibonyeza herufi, ikatokea papo hapo. Akabonyeza nyingine. Akacheka peke yake.

"Ni hii," akasema.

Kihara akachukua mfupa wa goti, akaufunga kwenye ule uzi ili upepo usiondoke na laptop. Hakuna bucha inayomruhusu mtu aondoke bila nyongeza. Oduor naye akampa Chesang onyo moja: "Wakikuuliza system, sema ni huru. Usiseme ni ya bure. Umenisikia?"

Ijumaa, kwenye geti la chuo, palikuwa na mizani ya kupimia magunia ya viazi. Wanafunzi walikuwa wamekodi mikokoteni, na mmoja trekta. Askari wa geti alipima kila laptop na kuipitisha. Ilipofika ya Chesang akaufungua ule uzi.

"Mfupa haufanyi mtihani," akasema, akaita mkubwa wa mitihani, madam Mitchelle. Laptop ilikuwa imeshapanda. Chesang aliishika kwa mikono miwili.

"Hiyo ni system gani?" Mitchelle akauliza.

"Linux, madam."

"Ulinunua pesa ngapi?"

"Sikununua. Ni ya bure."

Lilimtoka hivyo, kwa sababu nyumbani ndivyo linavyosemwa.

"Umesema mwenyewe," Mitchelle akajibu. "Kitu ya bure ni bure. Sisi tunatambua uzito."

Basi lugha yetu ndiyo hiyo. Neno moja tunalitumia kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefaa, na wenye mageti, ambao siku zote hujifanya Kiswahili kinawapiga chenga, hilo moja wanalijua barabara. Shenzi kabisa.

Chesang alikaa chini nje ya ukuta, akashika mtandao wa chuo, akafanya mtihani. Alimaliza wakati wenzake ndani bado wanaambiwa na laptop zao wangoje na wasizime. Ukumbi wenyewe ulikuwa ukididimia kwa uzito wa laptop. Kufikia saa sita madirisha yalikuwa yamelingana na maua, na mfagiaji akaleta ngazi ili wanaotaka kwenda choo wapande. Matokeo ya Chesang yalitoka hapo hapo: alikuwa wa kwanza. Chini yake pakaandikwa kwamba hakuhudhuria.

Jepchumba alifika ofisini akiwa na gumboots za zizini.

"Madam, mtoto amepita."

"Amepita, lakini hakuwepo."

"Alikuwa pale ukutani. Si ulimwona?"

"Nilimwona," Mitchelle akasema. "Arudie mwaka, na aje na system inayotambulika."

"Huu ni wizi! Wizi wa mchana kweupe!" Jepchumba alipiga kelele mpaka kioo cha ofisi kikapasuka. Mitchelle akamwomba afunge mlango akitoka.

Ng'ombe aliuzwa. Oduor akairudisha system ya kampuni, na laptop ikapelekwa Ndabibi kwa mkokoteni uleule. Sakafu ya nyumba haikuiweza, basi ikawekwa chini ya mabati ya zizi tupu, juu ya udongo, ikaanza kuzama. Wiki ya kwanza Chesang alisoma akiwa amechuchumaa. Ya pili akapiga magoti.

"Inuka," Jepchumba akamwambia. "Mtoto wangu anampigia magoti Mungu peke yake."

Akachukua jembe akachimba kuizunguka laptop, ili binti yake akae vizuri, miguu ndani. Update ilipoingia laptop ikashuka, naye akaongeza kuchimba. Alichimba akiwalaani wenye chuo, mizani yao na mama zao waliowazaa. Kufikia mvua za vuli shimo lilikuwa limewameza wote wawili, yeye na Chesang, na kutoka barabarani ulichoweza kuona ni udongo unaorushwa juu.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli alisimama kwenye ua, akavua kofia.

"Pole, mathe. Mnazika nani?"

Udongo uliendelea kutoka.

"Hatuziki," Jepchumba akajibu kutoka chini. "Tunasomesha."