Lita Moja na Nusu

Manesi waliniita Bibi Gramu, na wala sikuchukia. Kazi yangu hospitalini ni kupanga chakula cha wagonjwa wasioweza kula wenyewe, na anayecheza na mipango yangu namtolea uvivu hapo hapo, awe nesi au daktari. Wodi nzima inaujua mdomo wangu. Ndiyo maana naona aibu kusimulia habari ya Fundi na binti yake.

Binti alikuwa mwalimu wa chekechea. Kifafa kilimshika darasani na hakikumwachia. Degedege la kawaida hupita kwa dakika chache. Lake liliendelea hadi akafikishwa kwetu, na kila dawa tuliyojaribu ikagonga mwamba. Mwishowe madaktari wakamlaza usingizi mzito kwa dawa ili ubongo upumzike, mashine ikawa inampumulia, na mpira mwembamba ukapitishwa puani hadi tumboni. Hapo kwenye mpira ndipo nilipoingia mimi. Niliandika: maziwa ya lishe, lita moja na nusu kwa siku.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, mjane, na huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Alikuja kila saa ya kuona wagonjwa, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kama aliyetoka dukani mbio.

"Mwalimu, wanafunzi wako wananisumbua," alimsemesha. "Wanauliza utaamka lini. Nimewaambia nimezaa mvivu."

Manesi walicheka. Hata mimi nilicheka.

Siku ya kumi na mbili alinisimamisha mlangoni.

"Dada wa chakula, mwanangu anapungua."

"Baba, mtu akilala hivi lazima apungue kidogo. Chakula anapata chote, kimeandikwa kwenye chati."

"Nimempima mkono. Alipoingia ulikuwa sentimita ishirini na saba. Leo ni ishirini na tatu. Miaka arobaini napima watu, dada. Huku si kupungua kidogo."

Nikaja juu. Nikamwambia kwamba yeye ashone na sisi tutibu, kila mtu na kazi yake. Nilisema kwa sauti, watu wakasikia. Akaniomba radhi, akarudi kukaa kando ya kitanda.

Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Asubuhi nilivuta kiti nikakaa pale pale kitandani, nione kwa macho yangu. Nilikuta pampu inayosukuma maziwa kwenye mpira imezimwa tangu alfajiri kwa sababu binti alikuwa anasubiri kipimo cha kichwa. Kipimo kikafanyika saa sita mchana. Ikafika zamu ya dawa ya kifafa, ambayo hairuhusiwi kukutana na maziwa tumboni, maana maziwa huifanya isiingie vizuri kwenye damu. Kwa hiyo pampu huzimwa saa nzima kabla ya dawa na saa nzima baada yake, mara tatu kwa siku. Saa hiyo ya baada iligeuka kuwa mbili na nusu, kwa kuwa nesi mmoja alikuwa na wagonjwa watano na mmoja wao alikuwa anakata roho. Jioni nilipima maziwa yaliyobaki. Nikapiga hesabu mara mbili, na kwa mwendo ule asingefikisha hata nusu.

Kwenye chati ya siku ile, penye nafasi ya maziwa aliyopata, paliandikwa lita moja na nusu. Palikuwa pamejazwa tangu saa moja asubuhi.

"Sista, mbona mmejaza kabla?"

Nesi akaniangalia kwa woga. "Si wewe ukikuta nafasi tupu unafoka? Tunajaza mapema ili usitugombeze."

Siku kumi na mbili nilikuwa nasoma agizo langu mwenyewe, natia tiki, naondoka.

Tangu siku hiyo nilisimamia pampu kama polisi. Kila iliposimamishwa, tulifidia baadaye. Siku ya kumi na nane kifafa kikatulia kabisa. Dawa za usingizi zikapunguzwa, binti akafungua macho, akamtazama baba yake na kumbana kidole. Fundi alilia kwa furaha bila kujificha.

Lakini alipotolewa kwenye mashine hakuweza kukohoa. Misuli ya kifua ilikuwa imekwisha. Mashine ikarudishwa, mapafu yakapata maambukizi, na siku ya ishirini na tatu akatutoka.

"Usijibebeshe lawama," daktari aliniambia. "Kifafa cha namna hii huua hata walioshiba." Huenda ni kweli. Haikunisaidia kitu.

Fundi alikuja kuchukua nguo za marehemu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante kwa kumlisha mwanangu."

Ningeweza kuipokea ile asante nikanyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Baba, hatukumlisha," nikamwambia. "Siku zile ulizosema anapungua alikuwa hapati hata nusu. Ulisema kweli, nami nikakufokea."

Akakaa kwenye benchi, mfuko wa nguo mapajani. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Akaniuliza polepole:

"Alikuwa anasikia njaa?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa kwenye usingizi mzito, pengine hakusikia lolote. Lakini nilishawahi kumjibu mzee huyu kwa sauti ya mtu anayejua, kumbe sijui.

"Sijui, baba," nikasema.