Bolti Nne za Breki ya Mbele

Jumapili asubuhi Leora Haskett alikuwa akifagia gereji ya kaka yake, Wade, alipoiona spana ya kipimo ndani ya sanduku lake. Kuwa sandukuni hakukuwa na ubaya. Kilichomsimamisha, ufagio mkononi, ni namba iliyokuwa kwenye mpini. Ilikuwa namba ya ekseli ya gurudumu la nyuma.

Jana mchana Wade alianza na gurudumu la nyuma. Breki za mbele alizifanya mwisho, na bolti za breki hazikazwi kwa namba ile. Zina namba yake, ndogo zaidi, na ili zikazwe ilibidi kwanza mpini uzungushwe hadi namba hiyo. Haukuzungushwa.



Wade alikuwa na utaratibu mmoja asioruhusu uvunjwe. Spana ile hulia inapofikia nguvu iliyopangiwa, tik, na ikilia ndipo Leora, kalamu ya rangi nyeupe mkononi, huchora mstari kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Bolti yenye mstari imekazwa, hairudiwi wala haitiliwi shaka. Kwa wiki mbili waliiandaa hivyohivyo pikipiki ya bluu ya Wade kwa safari ya kwenda Missoula: mnyororo, matairi, usukani alioupandisha kidogo ili mgongo usimuue njiani, na mwisho pedi mpya za breki. Wade alikaza, Leora alichora. Ndiyo kazi pekee aliyopewa, na aliipenda kupita kiasi.

Sasa akakumbuka. Wade alikuwa amerudisha kaliper zote mbili, vile vyuma vinavyobana diski, akaingiza bolti nne kwa vidole tu. Simu ikalia. Alikuwa Orrin, rafiki yake aliyekuwa akimngojea Missoula, na Wade akatoka uani kuzungumza. Akakawia. Leora akamwangalia kupitia mlangoni, akaona jinsi anavyojishika kiuno kwa uchovu, akasema moyoni, akirudi akute kazi imekwisha. Bolti zilikuwa zimefika mwisho, zimekaa vizuri. Akachora mistari minne, mizuri, iliyonyooka.

Wade aliporudi aliinama, akaitazama mistari, akafunga sanduku.

"Haya mdogo wangu," alisema, "mnyama yuko tayari."

Asubuhi hii aliondoka saa moja na nusu. Sasa ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na tano.

Leora akampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ingawa alijua iko ndani ya koti, na Wade ana vizibo masikioni chini ya helmeti. Akaandika: SIMAMA. USIENDESHE. BREKI. Ujumbe haukupokelewa. Huko kando ya mto Clearwater mtandao wa simu huja na kuondoka.

Akakaa chini, juu ya sakafu aliyokuwa bado hajaimaliza kuifagia.

Fikiri, alijiambia. Pikipiki ya mbio ina tangi dogo, haikutengenezwa kwa safari ndefu. Missoula ni zaidi ya maili mia mbili, na tangi lile halifiki. Lazima ajaze mafuta mjini Kooskia. Baada ya Kooskia barabara inaingia kwenye korongo la Lochsa, kona juu ya kona maili tisini na tisa, mto upande mmoja na malori ya magogo upande wa pili. Humo ndimo atakamoanza kufunga breki za kweli. Na Kooskia angefika kabla ya saa tatu.

Kulikuwa na kituo kimoja cha mafuta ambapo Wade alizoea kusimama. Namba yake aliipata kwenye simu mara moja. Kuibonyeza ndiko kulikomshinda. Leora alikuwa na miaka ishirini na minne, na watu asiowajua hakuweza kuwapigia. Wade humtania: "Benki wakikupigia, mimi ndiye hupokea na kujiita Leora." Aliweka kidole juu ya namba, akakiondoa. Kisha akaiona kona ya kwanza ya korongo mbele ya macho yake, akabonyeza.

"Kituo, Verla hapa."

"Samahani mama, naomba... samahani, kuna mtu..."

"Sema kwa nguvu, binti. Nina foleni ya watu wanaotaka kahawa na mashine imenuna."

"Kaka yangu anakuja hapo. Ana pikipiki."

"Pikipiki! Leo Jumapili, mwanangu. Nina pikipiki sita uwanjani. Ya namna gani?"

"Ya bluu. Ya kuinamia. Siyo zile za kukaa kama kwenye kochi."

Verla akarudia maneno hayo kwa sauti. Sauti ya mwanamume ikasema kwa mbali, "Nani anaisema kochi yangu?" na watu wakacheka.

"Kuna kijana wa pikipiki ya kulalia tumbo," Verla alisema. "Koti jeusi, miguu mirefu kama twiga? Huyo amejaza na amelipa. Anavaa helmeti."

"Mzuie!" Leora hakujua kuwa ana sauti kubwa kiasi hicho. "Mama, tafadhali, bolti za breki yake hazijakazwa! Mimi ndiye niliyeweka alama. Hazijakazwa, ni mimi, mwambie ni mimi!"

Simu iligonga juu ya meza. Leora akasikia kengele ya mlango, viatu vinakimbia, mtu anauliza kama kahawa yake ipo au haipo. Kisha akausikia mlio ule. Angeutambua hata usingizini, mwembamba, mkali, kama kitambaa kinachochanwa. Injini imewaka.

Mlio ukapanda. Ukasogea. Ukaanza kufifia.

"Wade," Leora alisema, akiwa peke yake gerejini. "Wade, Wade, Wade."

Halafu mlio haukusikika tena. Hakujua kama injini imezimwa au imekwenda mbali. Akabana simu sikioni mpaka sikio likauma. Mtu fulani alikuwa akikoroga sukari kwenye kikombe. Aliendelea kukoroga muda mrefu ajabu.

"Leora?"

Ilikuwa sauti ya Wade.

"Leora, huyu mama karibu akanyagwe. Amesimama katikati ya njia kanipungia aproni. Kuna nini?"

"Zile bolti nne za mbele. Ulipokuwa na Orrin. Hukuzikaza, kaka, nilichora tu. Nenda ukaziangalie."

Simu ikawekwa chini tena. Safari hii viatu havikukimbia. Vilikwenda polepole, na hilo likamtisha zaidi.

Aliporudi, Wade aliongea kwa sauti ya chini.

"Upande wa kushoto moja haipo. Imedondoka njiani, sijui wapi. Ya pili naizungusha kwa vidole." Kisha akasema, "Nilisikia kitu kinagongagonga tangu Orofino. Nikasema ni pedi mpya zinajizoeza."

"Nisamehe."

"Kwa nini ulichora?"

"Ulikuwa umechoka. Nilitaka ukirudi ukute kazi imekwisha."

Wade alivuta pumzi, akaiachia. Leora alingoja atukanwe, angepokea lolote.

"Kwenye kopo la bolti kuna za akiba," Wade alisema. "Lete mbili. Lete na spana ya kipimo. Chukua gari langu, na uende taratibu. Usikimbie, Leora, umenisikia?"

Aliendesha maili sabini na zaidi huku mikono imeganda kwenye usukani. Kila kona alimwona amelala pale. Mara moja ilibidi asimame kando ya barabara, akafungua mlango na kutapika.

Wade alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya kituo, pikipiki mbele yake. Verla alikuwa amemletea kipande cha pai ya haklberi, matunda mwitu ya milimani, lakini kilikuwa hakijaguswa. Leora alikuja na hotuba nzima ya kuomba msamaha, lakini alipokaribia akaona kikombe mkononi mwa kaka yake. Kahawa ilikuwa ikitikisika na kumwagika juu ya vidole, naye hakuwa na habari. Saa mbili zilikuwa zimepita na mkono ule ulikuwa bado haujatulia.

Hakuitoa hotuba yake.

Wade akasogea kumpisha kwenye benchi.

Baadaye alizikaza zile nne. Kisha akaanza na ekseli ya nyuma, akaendelea na nyingine zote, kila bolti waliyoigusa kwa wiki mbili, hata zile alizokumbuka vizuri kuwa amezikaza. Leora alikaa akitazama. Hakujitolea kusaidia, wala hakuombwa. Wade alipojifuta mikono, jua lilikwishapita kichwani.

"Orrin nimemwambia siji leo," alisema.

"Kesho je?"

Aliitazama barabara inayoingia korongoni.

"Kula hiyo pai," alisema. "Kwangu mimi haishuki kooni."