Rashi kwenye Jalala la Ngokolo

Eufrasia hakupiga kelele alipoona mkanda wake wa senti haupo. Alikaa kitako sakafuni, akanyoosha miguu, akamwita mumewe kwa upole kabisa. Upole huo ndio uliomtisha Telesphori.

"Baba Justa, kwenye kona hii palikuwa na kifurushi cha kitenge, kimefungwa kwa kamba ya katani. Kiko wapi?"

Telesphori akaitazama kona. Sasa hivi ilikuwa imekaliwa na detekta, ile mashine yenye mguu mviringo kama mfuniko wa sufuria, inayolia ikipitishwa juu ya chuma au dhahabu iliyofukiwa. Wenzake walikuwa wamerudi kutoka machimbo ya Geita na mabati ya kuezekea. Yeye alirudi nayo hiyo, tena mtumba.

"Kile cha panya?"

"Cha panya?"

"Si kilikuwa kimetafunwatafunwa, Mama Justa! Nikajua ni kiota. Nilipoleta mashine nikakitupa jalalani."

Eufrasia akafumba macho. Ndani ya kitenge kile mlikuwa na mkanda wa ngozi alioshonewa na mama yake mzazi, umejaa senti za tundu za wakati wa Mwingereza, zile za shaba zenye pembe mbili za ndovu zilizolikumbatia tundu. Akitikisa kiuno zililia cha! cha! cha! na wapiga ngoma wakamfuata yeye. Katika kundi lao la ngoma utaratibu ni huo: anayesikika kiunoni ndiye anayekaa mbele. Na Jumamosi kulikuwa na mashindano Mhunze.

"Bila mkanda, Coletha atakaa mbele," akasema. Coletha alikuwa akiinyemelea nafasi hiyo tangu mavuno ya mwaka juzi, na vinjuga vyake vya kununua. Kila wakikutana kwenye mazoezi: "Dada, ukichoka sema tu, mimi kiuno changu bado kibichi." Dada! Wamepishana mwaka mmoja.

"Nitakununulia njuga," Telesphori akajaribu.

"Chukua hiyo mashine yako twende."

Jalala lenyewe lilikuwa nyuma ya soko la Ngokolo, kubwa kama uwanja wa mpira, limechomwa na kuchomwa tena, limevurugwa na mbwa na kuku. Ungekuta humo pampasi, betri, makopo ya dawa ya mbu, mbavu za miavuli, viatu vya mguu mmoja mmoja. Telesphori akavaa hedifoni zake, akawasha. Mashine ikalia hapo hapo. Akachimbua: kizibo cha soda. Ikalia tena: kizibo cha bia. Kijiko. Spoku ya baiskeli. Kizibo. Kitasa kizima na ufunguo wake ndani.

"Hii mashine yako," Eufrasia akasema, "ina kiu."

Akaanza kucheka. Hakutaka kucheka, alikuwa bado na hasira yake, lakini kicheko kilimponyoka kama mbuzi aliyekata kamba. Telesphori naye akaambukizwa, wakacheka wote wawili hadi wakashikana mabega, wazee wazima katikati ya takataka. Mashine ikalia kwa sauti nyembamba zaidi. Eufrasia akafukua kwa kijiko kilekile, akatoa, kati ya mabaki ya ngozi iliyoungua, kitu cha duara, cha kijani. Akakitemea mate, akakisugua kwa pindo la kanga. Pembe mbili! Na tundu katikati!

Akapiga vigelegele.

Hapo ndipo alipokosea. Huku kwetu ukipiga vigelegele kando ya mtu aliyetoka Geita na detekta mkononi, usitegemee kubaki peke yako. Festo wa bodaboda alikuwa akipita barabarani. Akafunga breki.

"Shikamoo mama. Mmepata?"

"Marahaba. Nimepata senti yangu ya tundu, baba. Tazama!"

Festo hata hakuitazama. Alimtazama Telesphori, akaitazama mashine, akakonyeza jicho. "Haya mama. Senti." Akawasha pikipiki, simu iko sikioni tayari.

Senti ya tano ilikuwa haijatoka rashi ilipoingia. Rashi, ndivyo wachimbaji wanavyoliita lile kundi linalokimbilia mahali panaposemwa pametoka dhahabu. Walikuja na majembe, sururu, makarai, viroba. Mama wa chai na mihogo ya kukaanga alifika kabla ya nusu ya wachimbaji na kuchagua mahali penye kivuli. Kijana mmoja mwenye filimbi akajitangaza mwenyekiti, akaanza kuligawa jalala kwa hatua kuwa maduara, yaani sehemu za kuchimba: duara lako hili, duara lako lile. Eufrasia akapewa duara lenye mbwa mfu.

"Jamani, hakuna dhahabu! Tunatafuta senti za mkanda wangu wa ngoma!"

"Msikieni mama anavyoficha!" wakashangilia, wakaongeza kasi.

Kadiri alivyosema ukweli ndivyo walivyochimba. Mara mchimbaji mmoja mwenye kofia ya sufu akapaza sauti: "Hela ya Mjerumani!" Basi ikawa vurugu. Kila mtu hapa ana babu aliyewahi kusimulia jinsi Mjerumani alivyofukia mali zake kabla ya kukimbia. Senti zikawa zinatoka kushoto na kulia, moja ikafichwa chini ya ulimi, nyingine ndani ya soksi.

"Hiyo ni yangu," Eufrasia akamwambia mwenye kofia.

"Kwani wewe Mjerumani?"

Eufrasia alikuwa na senti chache tu kwenye fundo la kanga, na zilizobaki zilikuwa zimeingia mifukoni mwa watu asiowajua hata majina.

Alasiri akafika Donatus, mnunuzi wa dhahabu, na mizani yake midogo ndani ya mkoba. Watu wakampisha. Akapokea senti moja, akaikwaruza kwa ukucha, akaisogeza mbali na macho yake mabovu.

"Shaba. Tena ya Mwingereza. Hii hupati hata soda."

Majembe yakasimama, ukasikia mafuta ya mihogo yanavyochemka. Halafu vichwa vyote vikageuka kwa Telesphori.

"Mzee, lete hiyo mashine tuivunje."

Telesphori akaikumbatia kama mtoto. Mwenye kofia akainua mkono ulioshika senti, aitupe mbali, na Eufrasia akaona Jumamosi yake yote inakwenda na mkono ule. Akafungua fundo, akazihesabu? Wala. Akazifungia kiunoni katika kanga, zikae zikigusana, akajitosa katikati ya jalala, akatikisa.

Cha. Kidogo tu, lakini cha.

Akaimba lililomjia mdomoni: wanaume wa wenzangu wamekwenda Geita wakaleta dhahabu, wangu mimi ameleta pua ya kunusa vizibo, oyee, vizibo! Mtu akacheka. Mwingine akapindua karai, akaligonga. Telesphori, bado ameikumbatia mashine, akaitikia kiitikio kwa sauti ya mtu anayeokoa maisha yake.

Mwenye kofia akashusha mkono. Akasogea, uso umejaa majivu, akacheza mbele ya Eufrasia hatua mbili tatu. Sasa, mtu akishacheza mbele ya mama anayecheza vile, hawezi kuondoka bila kumtunza, ni aibu. Akajipapasa mfukoni. Hamna. Alichokuwa nacho kilikuwa mkononi. Akambandika ile senti kwenye paji la uso.

Eufrasia hakukosa hata pigo moja. Akaibandua, akaitia kwenye kanga. Cha! cha! Sauti ikakua, naye akazidi kukolea, na alivyozidi kukolea wakaja wengine, mwenye soksi akavua kiatu kabisa, mwenye ya chini ya ulimi akaitema na kuifuta kwa heshima. Mwenyekiti alikuja akipuliza filimbi. Donatus naye akatoa noti. Eufrasia akamrudishia.

"Wabeja, asante baba. Ya karatasi hailii."

Jumamosi, Mhunze, mkanda ulikuwa mpya, umeshonwa na Telesphori kwa vidole vilivyotobolewa na sindano. Coletha alikuwa ameshasimama mbele. Mpiga ngoma mkuu akainamisha kichwa, akasubiri kusikia. Eufrasia akatikisa mara moja, na ng'ambo ya uwanja wachimbaji waliokuja na makarai yao wakapiga mayowe.

Coletha akasogea pembeni, amekunja pua. "Dada, mbona unanuka moshi wa jalala?"

"Nanuka kweli," Eufrasia akasema, akipita. "Umenisikia lakini?"

Ngoma ikajibu kabla ya Coletha.