Waya wa Mlango wa Nyuma

Januari ya mwaka 1956, mvua zilipokuwa zikiuchapa mji wa Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, kila alasiri, gari moja la Kimarekani liliingizwa gereji, kioo cha mlango wake wa nyuma kikiwa kimegoma kupanda. Kiti cha ngozi kilikuwa kimelowa chepechepe. Mwenye gari, wakili Mbelgiji, alikwisha kutoa hukumu: dereva amekivuta kioo kwa mikono, akakiharibu. Aliketi ofisini mwa gereji na kitabu cha kazi cha dereva huyo, kalamu ikiwa wazi.

Anaclet Numbi, fundi wa umeme, alijua uzito wa mstari mmoja katika kitabu kile. Asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa mjini. Dereva mwenyewe, Rigobert Kunda, mkewe Germaine na watoto wao wanne wangerudishwa kwao kijijini, Mitwaba, kabla ya mwisho wa mwezi.

“Yaya Anaclet,” Rigobert alinong'ona, akimwita kaka kwa heshima, “mi shiyavunja kintu.”

“Uache kutetemeka, utanitikisia mulango. Gari ya bakubwa hii: hata dirisha iko na moteri! Kwangu dirisha iko na gunia.”

Rigobert alikuwa akiutazama mlango wa ofisi.

Anaclet alibonyeza swichi. Kimya, hata mngurumo hafifu haukusikika. Madirisha mengine yalipanda na kushuka. Akabandua ngozi ya mlango, akapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Kioo kikapanda taratibu. Akachunguza meno ya gia moja baada ya jingine: yote mazima. Mkono uliokivuta kioo kwa nguvu ungeyavunja. Basi umeme ulikuwa unafia njiani.

Akaukunjua mpira wa bawabani, pale waya zinapotoka kwenye mwili wa gari kuingia mlangoni. Ganda la waya lilionekana zima, lakini alipolikunja, nyuzi za shaba ndani yake zilikuwa zimekatika. Akatazama mlango wa nyuma wa upande wa pili: waya wake ulikuwa mzima kabisa.

“Huu mulango unafunguliwa mara ngapi kwa siku?”

Rigobert akafikiri. “Bwana na Madamu habafunguake hata siku moja. Misa, tribinali, hata gazeti tu: mi nashuka, nafungua, nafunga. Mara makumi tatu, ao zaidi.”

Kusema jambo hilo mbele ya Mzungu si sawa na kuliona. Hata hivyo akapangusa mikono, akaenda kumwita.

“Bwana, waya umekatika kwa kukunjwa. Mota na gia ni nzima; hakuna aliyekivuta kioo.”

“Nani ameukunja?”

“Mlango, Bwana. Kila Rigobert anapomfungulia Bwana.”

Wakili aliinama, akazitazama nyuzi zile. Kisha akakifungua kitabu juu ya boneti. Maneno *afukuzwa kwa uzembe* yalikuwa tayari yameandikwa. Akayakata kwa mstari, akatia sahihi chini yake, akamkabidhi Rigobert bila kumtazama.

“Tengeneza,” akamwambia Anaclet, akarudi ofisini.

Anaclet alipokuwa akiunga waya mpya, akiuachia urefu wa ziada bawabani, Rigobert alisimama kando na kitabu kimefunguliwa.

“Maneno ingali inasomeka, yaya.”

“Inasomeka,” Anaclet alijibu. “Lakini sahihi yake iko chini. Enda kwanza umwambie Germaine asifunge bintu ya kurudi Mitwaba.”